Kufungwa kwa pointi moja: uchambuzi wa kisa cha klabu ya mashabiki wa mpira wa kikapu wa chuo

Kisa hiki kinahusu klabu ya wahitimu wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, iliyokusanyika kutazama timu yake ya wanaume katika raundi ya kwanza ya mashindano ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani, na timu ikatolewa kwa pointi moja. Jina la chuo, mji, mwaka na matokeo kamili vimeondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mechi yenyewe inaelezwa kwa kifupi. Uzito uko kwenye saa 48 zilizofuata, kwa sababu ndizo zilizoamua kama watu wangelipita jambo lile salama au wangeumizana.

Mandhari

Mashindano ya NCAA ya wanaume huanza katikati ya Machi na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Wakati wa kisa hiki timu zilikuwa 68, mechi 67, na hakuna marudiano: ukifungwa mara moja umetoka. Shabiki wa soka amezoea timu yake ifungwe Jumamosi na ijirekebishe wiki inayofuata. Huku, msimu ulioanza Novemba unaweza kukatika ndani ya sekunde chache, na wachezaji wa mwaka wa mwisho hawavai tena jezi ile. Wasomaji wa Tanzania waliomfuatilia Hasheem Thabeet wanalijua hili: Aprili 2009 timu yake ya Connecticut ilitolewa katika nusu fainali na Michigan State, 82 kwa 73, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya chuo kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Kwa hiyo shabiki wa mpira wa chuo anapofungwa Machi, anaaga pia kundi la vijana ambalo halitakusanyika tena.

Klabu hii ilikuwa na watu 212 katika kundi lake la ujumbe na kamati ya watu watano. Usiku wa mechi, watu 43, wakiwemo watoto watano, walikuwa kwenye ghorofa ya juu ya mkahawa waliyoikodi. Timu yao ilikuwa imepangwa namba 4 na ilicheza na timu ya namba 13 (katika kila kanda timu hupangwa kwa ubora, namba 1 ikiwa bora na 16 ya mwisho). Tangu jedwali la mashindano lilipopanuliwa mwaka 1985, namba 13 wamekuwa wakiwatoa namba 4 karibu mara moja katika kila mechi tano. Si ajabu kubwa, lakini ukumbini hakuna aliyeifikiria hesabu hiyo. Kamati ilikuwa na mpango wa ushindi tu: keki, malipo ya awali ya basi dola 900, na orodha ya watakaosafiri Jumamosi. Hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya nini kifanyike wakifungwa.

Mfuatano wa matukio

Zikiwa zimebaki dakika sita, timu ilikuwa mbele kwa pointi 11. Kuanzia hapo ilifunga pointi 4 tu, wapinzani 16. Zilipobaki sekunde 14, timu ikiwa bado mbele kwa pointi moja, gadi (mchezaji wa nyuma) wa mwaka wa pili alichezewa faulo. Wapinzani walikuwa wamepita faulo ya sita lakini hawajafika ya kumi, na kwa kanuni ya mpira wa wanaume wa chuo hiyo humpa mchezaji mtupo mmoja huru. Wa pili anaupata tu wa kwanza ukiingia. Gadi huyu alikuwa akiingiza asilimia 82 msimu mzima. Mtupo uligonga ukingo wa nyuma wa pete ukatoka. Wapinzani wakadaka, wakakimbia bila kuomba mapumziko, wakafunga zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Honi ililia saa sita kasoro dakika sita usiku. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo, alibaki ameshika meza, jasho likimtoka. Mwanachama ambaye ni muuguzi alimketisha, akamshika mapigo, akamuuliza kama ana maumivu ya kifua, mkono au taya. Hakuwa nayo, na baada ya dakika kumi alitulia. Binti yake ndiye aliyeendesha gari kumrudisha nyumbani. Kama angejibu ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, hatua ingekuwa moja tu: kupiga 911, simu ya dharura. Hofu ya muuguzi ilikuwa na msingi. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich waliona dharura za moyo zikiongezeka zaidi ya maradufu siku ambazo Ujerumani ilicheza.

Mvulana wa miaka tisa aliingia chini ya meza, akavua jezi, akaikunja na kuikalia. Baba yake, ambaye naye alikuwa amefadhaika, alimwambia ni mchezo tu. Kilio kikazidi. Mwalimu mstaafu aliyekuwa meza ya jirani alikwenda kuketi sakafuni karibu naye. Kwa dakika kadhaa hakusema lolote. Kisha akamuuliza ni mchezo gani wa kipindi cha kwanza uliompendeza kuliko yote. Mtoto akataja mpira mmoja uliozuiwa na mchezaji wa kati, akaanza kueleza ulivyopigwa ubaoni, na kabla hajamaliza alikuwa ameshatoka chini ya meza ili aonyeshe kwa mikono. Akaendelea kulia kidogo njiani kwenda kwenye gari, akiwa amevaa jezi.

Kwenye kundi la ujumbe mambo yalikuwa yanaharibika. Ndani ya robo saa jina la gadi lilikuwa limetajwa mara nyingi kuliko jina la kocha, na mtu mmoja akaweka anwani ya akaunti yake ya Instagram. Saa sita na dakika kumi usiku kamati ililifunga kundi, ikaruhusu viongozi pekee kuandika, hadi saa sita mchana siku ya Ijumaa.

Ijumaa asubuhi mwanachama mmoja aliileta kwa mwenyekiti picha ya skrini. Saa saba na dakika 20 usiku, kijana mwingine wa klabu alikuwa amemwandikia gadi moja kwa moja, akimtukana na kumwambia kwamba amempotezea dola 600. Kufikia Ijumaa mchana kijana huyo alikuwa ameweka dau kwenye mechi nyingine nne ili kurudisha zile 600, akapoteza tatu.

Jumapili jioni kamati iliitisha kikao cha kuitazama mechi upya. Watu 17 walifika. Kilivunjika kabla ya kufika dakika sita za mwisho, baada ya wanaume wawili kurushiana maneno juu ya kocha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulichukuliwa ndani ya dakika mbili: kuzima televisheni zote nne. Wachambuzi walikuwa wakirudia ule mtupo kwa mwendo wa pole, na kila marudio yalikuwa yanatonesha kidonda. Wa pili ulikuwa kumwomba meneja wa mkahawa asitishe pombe kwenye ghorofa yao, alete kahawa, supu na mkate. Ilitoka dola 160 kwenye mfuko wa klabu. Mweka hazina alisita, lakini mwenyekiti alikuwa na hoja nzito. Mwaka 2011 wanauchumi David Card na Gordon Dahl walichapisha utafiti juu ya ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani: timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, ripoti za polisi za wanaume kuwapiga wenza wao majumbani ziliongezeka kwa takriban asilimia 10. Mechi iliyotarajiwa kuwa ya nguvu sawa ilipopotea, hakukuonekana ongezeko la maana. Hatari iko kwenye mshtuko, na usiku ule ulikuwa wa mshtuko. Kumzuia mtu ukumbini kwa nusu saa akinywa supu, badala ya kumwachia aondoke na glasi ya nne kichwani, ni kazi ya kulinda watu ambao hata hawakuwepo pale.

Tatu, hakuna aliyeondoka peke yake kwa gari. Mjumbe mmoja wa kamati alisimama mlangoni na karatasi, akiandika nani anaendesha, nani amekunywa, nani anapita njia gani. Magari matatu yalibaki kwenye maegesho hadi asubuhi.

Kuhusu kundi la ujumbe, kamati iliona ni heri kulifunga kuliko kukesha ikifuta ujumbe mmoja mmoja. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake yanajadiliwa hapa chini.

Suala la yule kijana lilikuwa gumu zaidi, na hapa kamati ilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Haikumtaja kundini. Watu wawili walimpigia simu, wakamtaka aifute ile meseji, asimwandikie mchezaji tena hata kwa kuomba radhi, kwa kuwa radhi isiyoombwa ni mzigo mwingine kwa mtu aliyepokea mamia ya ujumbe. Akasimamishwa hadi msimu mpya. Picha ya skrini, ikiwa na saa na jina la akaunti, ilitumwa idara ya michezo ya chuo. Hapakuwa na tishio. Lingekuwepo, ingepelekwa polisi pia. Simu ya pili, siku hiyohiyo, ilihusu kamari. Walimwongoza hatua kwa hatua: aondoe programu za dau kwenye simu, ajiwekee zuio la muda kwenye akaunti yake kabla ya kuziondoa (kuondoa programu peke yake hakufungi akaunti), ampe dada yake usimamizi wa kadi kwa wiki mbili, na apige 1-800-GAMBLER, simu ya msaada kwa wenye tatizo la kamari nchini Marekani. Alifanya matatu ya kwanza.

Halafu zikaja kadi. Kuanzia Jumatatu, wanachama 31 waliandika kwa mkono kadi za kupeleka ofisi ya timu. Masharti yalikuwa manne: ukurasa mmoja, usitaje mtupo, usiombe jibu, usimwambie mchezaji abaki wala ahame. Sharti la mwisho lilikuwa na sababu ya wakati. Katika misimu kadhaa hadi ule wa 2025, dirisha la uhamisho wa wachezaji lilikuwa likifunguliwa wakati mashindano bado yanaendelea. Mwaka 2025 lilifunguliwa Machi 24, siku moja tu baada ya raundi ya pili. Kadi inayobembeleza “usituache” inageuka kuwa shinikizo. Kadi mbili zilizokiuka sharti hilo zilirudishwa kwa waandishi ziandikwe upya.

Matokeo

Ijumaa mchana, kundi lilipofunguliwa, kamati ilituma maswali matatu mafupi. Watu 58 walijibu. Wengi walisema hawatatazama tena mechi yoyote ya mashindano yale, na zaidi ya nusu walikadiria watakuwa na huzuni kwa mwezi au zaidi. Maswali yaleyale yakatumwa siku ya 17, Jumapili baada ya nusu fainali. Kati ya 44 waliojibu, 35 walikuwa wametazama angalau nusu fainali moja, na wengi walisema uchungu mkali ulikwisha ndani ya siku nne au tano. Saba walisema bado wanaamka usiku wakiiona mechi. Idadi hii ni ndogo na waliokwazika sana huenda hawakujibu kabisa, kwa hiyo haithibitishi kitu. Lakini inakwenda sambamba na kazi ya Timothy Wilson, Daniel Gilbert na wenzao ya mwaka 2000, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia walikadiria matokeo ya futiboli yangewaathiri kwa muda mrefu kuliko yalivyowaathiri kweli. Walioandika kwanza jinsi watakavyotumia siku zao kwa mambo mengine hawakukadiria kupita kiasi hivyo.

Gadi alibaki chuoni. Hakuna sababu ya kuamini kadi ndizo zilizombakiza, na klabu ilifanya vizuri kutodai hivyo popote.

Wiki ya tano kocha wa sekondari, rafiki wa klabu, aliongoza kikao kipya cha kuitazama mechi. Hakuonyesha mechi nzima. Alikata mashambulio 10 ya timu kabla ya lile la mtupo, akasimamisha video kila moja. Mpira ulipotea mara tatu chini ya mbano wa uwanja mzima. Mitupo mitano ilikosa, minne kati yake ikipigwa wakati saa ya sekunde 30 za kila shambulio imebakiza chini ya sekunde 5, kwa sababu timu ilikuwa inapoteza muda badala ya kushambulia. Miwili iliingia. Pointi 4 kwa mashambulio 10. Wastani wao wa msimu ulikuwa pointi 1.1 kwa shambulio, yaani walipaswa kupata kama 11. Walipoteza 7 hapo. Kisha akaandika hesabu ya mtupo. Kwa mtu wa asilimia 82, nafasi ya mtupo mmoja na wa pili kwa masharti ina thamani ya wastani wa pointi 0.82 + 0.67, karibu moja na nusu. Mtu wa asilimia 82 hukosa kama miwili katika kila mitupo 11. Watu 26 walikuwepo na waliuliza maswali kwa zaidi ya saa moja. Wale wawili waliogombana Jumapili walikaa meza moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni yale mambo ya mwili: televisheni kuzimwa, pombe kusitishwa, chakula cha moto, usafiri wa pamoja. Yalifanyika kabla mtu yeyote hajajaribu kufariji kwa maneno, na ndiyo mpangilio sahihi. Mwaka 1992 Edward Hirt na wenzake walichapisha majaribio kwa mashabiki wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Indiana. Baada ya timu kufungwa, mashabiki wa dhati walikadiria chini hata uwezo wao wenyewe katika kazi ndogo ndogo walizopewa. Mtu aliye katika hali hiyo saa sita usiku hasikii hoja. Anachoweza kupokea ni bakuli la supu na mtu wa kumpeleka nyumbani.

Faraja za haraka zilifeli karibu zote. “Ni mchezo tu” ilimuumiza mtoto kwa sababu ilimwambia anachohisi hakina maana. Kosa la aina hiyohiyo lilifanyika kwa watu wazima, pale mjumbe mmoja alipoitaja Virginia. Machi 16, 2018, Virginia ilifungwa na UMBC, chuo cha jimbo la Maryland, 74 kwa 54 huko Charlotte, namba 1 wa kwanza wa wanaume kutolewa na namba 16 baada ya mechi 135 bila hilo kutokea, na mwaka uliofuata ikawa bingwa kwa kuifunga Texas Tech 85 kwa 77 katika dakika za nyongeza. Kisa hicho ni cha kweli na kinatia moyo. Ila kukitaja usiku uleule ni kuwaahidi watu kombe. Purdue ilitolewa na namba 16 mwaka 2023, ikafika fainali 2024 na ikafungwa na Connecticut. Vyuo vingi havipati hata hiyo fainali. Mfano unaofaa zaidi ni Kentucky ya 1992: baada ya Christian Laettner wa Duke kuwatoa kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, 104 kwa 103, chuo kiliwaenzi wachezaji wake wanne wa mwaka wa mwisho kwa kutundika jezi zao juu ukumbini ndani ya wiki mbili. Haukuhitajika ushindi wa baadaye ili msimu ule uheshimiwe. Kadi 31 za klabu hii zilikuwa na roho hiyohiyo.

Kufunga kundi la ujumbe kulikuwa kosa, japo linaeleweka. Hasira haikuisha, ilihamia kwenye kurasa za wachezaji ambako kamati haioni kitu. Ile meseji ya saa saba usiku iliandikwa kundi likiwa limefungwa. Njia bora ilikuwa kuliacha wazi na kanuni moja iliyobandikwa juu: hakuna jina la mchezaji, hakuna anwani ya akaunti yake, anayekiuka anaondolewa hadi asubuhi. Wasimamizi wawili wa kupokezana hadi saa nane usiku wanatosha kwa watu 212. Mtu amlaumu kocha, mwamuzi au mungu wa mpira, lakini aseme mbele ya watu wanaomjua.

Kikao cha Jumapili kilifeli kwa muda na kwa mtindo. Siku tatu ni mapema mno, na kuonyesha mechi nzima bila mwongozaji ni kualika ugomvi. Wiki ya tano ilifaa kwa kuwa mtaalamu alikuja na mashambulio aliyoyachagua na hesabu ya kila moja.

Kamari inahitaji kutazamwa peke yake. NCAA ilieleza Oktoba 2024 kwamba takriban asilimia 12 ya matusi ya mtandaoni iliyoyabaini yalihusiana na dau, na Machi mwaka huohuo rais wake, Charlie Baker, alikuwa amezitaka serikali za majimbo zipige marufuku dau juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Klabu hii ilikuwa na jedwali la kubashiri matokeo ya mashindano, dola 10 kwa kila mtu, na dau za simu zilitangazwa kwa fahari kundini wiki nzima kabla ya mechi. Hakuna aliyeona ubaya. Baada ya kisa, kamati ilipiga marufuku kutaja dau kundini, ikabakiza jedwali bila fedha. Wanachama kadhaa walilalamika na wawili wakajitoa. Uamuzi ulikuwa sahihi: mtu aliyepoteza dola 600 haombolezi timu, anamdai mchezaji.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa kwa watu ambao hawakuwepo ukumbini. Zaidi ya 160 walitazama kwingine, baadhi peke yao, na hakuna aliyewapigia. Watatu kati ya saba waliosema siku ya 17 kwamba bado hawalali vizuri wanaishi peke yao. Mpango mpya wa klabu, wa ukurasa mmoja, una orodha ya wanachama 40 wa namna hiyo waliokubali kupigiwa. Kila mjumbe wa kamati ana majina manane. Simu inapigwa siku inayofuata kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, inaulizia usingizi, chakula na kama kuna fedha iliyopotea, na inachukua dakika tano. Atakayesema ana maumivu ya kifua au hataki kuishi anaunganishwa na 911, au na 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, mjumbe akiwa bado naye kwenye simu.